Mzazi na mtoto wanapotembea na msiba wao

MATANGA yamekwisha. Hema limeng'olewa uani, viti vya kukodi vimerudishwa kwa wenyewe, na matatu ya mwisho iliyoleta marafiki kutoka mjini imeondoka. Baada ya siku chache baba na binti yake wanarejea Nairobi. Jumatatu baba anakwenda kazini, binti anavaa sare na kwenda shule. Jioni wanakutana mezani, watu wawili katika nyumba iliyozoea watatu, na hakuna anayethubutu kulitaja jina la marehemu.

Hali hii huzipata aila nyingi za mijini. Mashambani majirani huendelea kubisha hodi kwa wiki kadhaa, lakini mjini mlango ukifungwa umefungwa. Baba hunyamaza akidhani anamkinga mtoto. Mtoto naye hunyamaza akidhani anamkinga baba. Kila mmoja hulia kivyake, mmoja bafuni na mwingine chini ya blanketi, na wote wawili huamka asubuhi wakiulizana, "Umelala vyema?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Majonzi yaliyofichwa ni vivyo hivyo. Baada ya miezi, mwalimu anaandika kwamba mtoto amezembea masomoni, au baba anaanza kuchelewa baa kila jioni, na watu wanashangaa chanzo ni nini.

Leo tungependa kuzungumzia njia moja ambayo watu wa mataifa mbalimbali wameitumia kuuvunja ukimya huo, nayo ni safari ndefu ya miguu. Huenda msomaji akacheka na kusema kwamba Wakenya wamechoka kutembea, kwani wengi hutembea kila siku kutoka mtaani hadi kazini kwa kukosa nauli. La hasha, hatuzungumzii mwendo huo wa shida. Tunazungumzia mwendo unaofanywa kwa hiari, na watu waliofiwa, kwa madhumuni ya kuubeba msiba wao hadharani badala ya kuuficha chumbani.

Kupotea njia ndiko kujua njia

Tuanze na kisa cha mtoto aliyefiwa. Mwaka 1991, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, msichana wa miaka 22 aitwaye Cheryl alikuwa akikaribia kuhitimu masomo ya chuo kikuu. Mama yake, Bobbi Lambrecht, pia alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwani alirudi darasani akiwa mtu mzima. Mama huyo alipatikana na saratani ya mapafu, na wiki saba tu baadaye akafariki. Alikuwa na miaka 45.

Kilichofuata ni aila kusambaratika. Baba wa kambo alishika njia yake na ndugu zake Cheryl wakashika zao. Yeye mwenyewe alivunja ndoa yake, akaonja hata dawa ya kulevya ya heroini. Alipotalikiwa alijichagulia jina jipya, Strayed, neno la Kiingereza lenye maana ya aliyepotea njia.

Mwaka 1995, akiwa na miaka 26, Cheryl Strayed alijitosa katika njia ya miguu iitwayo Pacific Crest Trail. Njia hiyo huanzia mpaka wa Marekani na Meksiko na kufika mpaka wa Kanada, mwendo wa kilomita zipatazo 4,265 kupitia jangwa, misitu na milima ya theluji. Yeye alitembea sehemu yake tu, kutoka Mojave katika jimbo la California hadi daraja la mto Columbia, mpakani mwa Oregon na Washington. Safari hiyo ilimchukua siku 94 na ilikuwa zaidi ya kilomita 1,700. Ukitaka kuupima mwendo huo, chukua barabara ya Nairobi hadi Mombasa, uende, urudi, kisha uende tena, na bado utakuwa na safari mbele yako.

Hakuwa mkweaji milima. Shanta lake lilikuwa zito hata akashindwa kuinuka nalo mara ya kwanza. Viatu vyake vilikuwa vidogo, vikamng'oa kucha za vidole. Hata hivyo, jambo la maana kwetu ni lililompata rohoni. Siku ambayo mama yake angetimiza miaka 50 ilimkuta huko huko porini. Badala ya kulia, alishikwa na hasira kali. Akamlaumu mama yake kwa kufa mapema, akayahesabu makosa yote ya mama huyo katika malezi, moja baada ya jingine. Ni mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya waombolezaji, kwani ataambiwa hana adabu. Pale hapakuwa na wa kumkemea.

Wazazi wengi hawajui kwamba hasira ni sehemu ya majonzi. Mtoto aliyefiwa anaweza kumkasirikia marehemu, daktari, Mungu, au mzazi aliyebaki. Akinyamazishwa, hasira hiyo haiishi, hutafuta pa kutokea.

Cheryl aliandika habari za safari yake katika kitabu kiitwacho Wild, kilichotoka mwaka 2012, yaani miaka 17 baada ya kutembea. Sinema yake ilitoka mwaka 2014, mwigizaji Reese Witherspoon akishika nafasi ya Cheryl. Aliyeigiza Cheryl akiwa mtoto mdogo ni binti yake Cheryl mwenyewe, ambaye alipewa jina la bibi yake aliyekufa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Katika jamii nyingi za kwetu jina la nyanya hurudi kwa mjukuu, na marehemu akawa anaitwa kila siku nyumbani.

Akina baba watatu

Upande wa pili wa msiba ni mzazi anayemzika mtoto. Nchini Uingereza, wanaume watatu, Andy Airey, Tim Owen na Mike Palmer, kila mmoja alimpoteza binti aliyejitoa uhai. Mabinti hao walikuwa na umri wa miaka 29, 19 na 17. Wanaume hao hawakuwa marafiki wa tangu zamani. Kilichowakutanisha ni msiba.

Oktoba 2021 walishika njia pamoja. Walianza Cumbria, kaskazini-magharibi ya Uingereza, wakapitia eneo la Manchester na kumalizia Norfolk, upande wa mashariki, hivi kwamba safari ilipita nyumbani kwa kila mmoja wao. Walitembea siku 15, maili 300. Hizo ni kama kilomita 480, takriban mwendo wa Nairobi hadi Mombasa kwa barabara. Nia yao ilikuwa kulichangishia fedha shirika la Papyrus, ambalo hujitahidi kuzuia vijana wasijiue.

Walichokutana nacho njiani ni zaidi ya fedha. Watu walitoka kuwalaki, na miongoni mwao walikuwa wazazi waliofikwa na msiba kama huo huo na ambao walitaka tu mtu wa kumweleza. Mwaka 2022 wakatembea tena, maili 600, wakiyaunganisha mabunge ya Belfast, Edinburgh, Cardiff na London, ili kudai wanafunzi wafundishwe shuleni jinsi ya kujikinga na balaa hilo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili, wakiwa na maana kwamba mtu huona wepesi mzigo usiomlemea yeye. Akina baba hawa waliupata ukweli wa methali hiyo kwa njia nyingine. Kila mmoja alikuwa na mwenzake anayejua uzito halisi, na hakulazimika kueleza.

Kwa nini kutembea?

Kuna mambo ya kweli yanayofanya mwendo ufae kuliko kukalishana kwenye kochi na kuambiana, "Haya, sema unalohisi."

Kwanza, wanaotembea hutazama mbele. Katika jamii nyingi za Kenya mtoto hufunzwa kwamba kumkazia macho mkubwa wake ni utovu wa adabu. Mzazi anapomketisha mtoto ana kwa ana ili azungumze, mtoto huyo huhisi kama ameitwa kwa mwalimu mkuu. Lakini wakiwa bega kwa bega, macho yao yakiwa njiani, mtoto anaweza kuuliza swali zito kisha akajifanya anatazama ndege. Vilevile kimya cha njiani si kizito kama kimya cha mezani. Mtu anaweza kunyamaza kwa nusu saa na hakuna atakayemuuliza ana nini.

Pili, majonzi ya mtoto hayafanani na ya mtu mzima. Mtu mzima hukaa ndani ya huzuni kama aliyezama mtoni. Mtoto huingia na kutoka, kama anayerukaruka katika vidimbwi vya mvua. Atalia saa nne, na saa nne na robo utamwona akicheza mpira. Wazazi wengine hukasirika na kudhani kwamba mtoto huyo hajali. Anajali sana, ila roho yake haiwezi kubeba mzigo huo kwa muda mrefu bila kuutua. Safari ya miguu humruhusu kufanya hivyo: kulia kidogo, kurusha jiwe bondeni, kuuliza habari za mamake, kuomba ndizi.

Hata watu wazima huhitaji mwendo huo wa kwenda na kurudi. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa hupona kwa kupokezana mambo mawili. Kuna wakati anaukabili msiba wenyewe, na kuna wakati anauweka kando na kushughulikia maisha yaliyo mbele yake. Anayefanya moja tu huumia. Msafiri wa miguu hulazimika kufanya yote mawili, kwani hata akiwa na machozi itambidi atafute maji, aangalie njia, na afike kabla ya giza kuingia.

Tatu, mzazi naye hupata nafuu, na nafuu yake ni dawa ya mtoto. Utafiti uliofanywa mjini Boston, Marekani, na wataalamu Phyllis Silverman na William Worden uliwafuatilia watoto 125 wenye umri wa miaka 6 hadi 17, kutoka aila 70, waliofiwa na baba au mama. Moja ya mambo yaliyobainika ni kwamba hali ya mtoto ilitegemea sana hali ya mzazi aliyebaki. Mzazi aliyeweza kujimudu na kuendesha nyumba, mwanawe naye alijimudu. Kwa hivyo, mzazi anayejisahau kwa madai kwamba anamtumikia mtoto hamtumikii.

Si jambo geni kwetu

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Lakini kutembea kwa ajili ya mauti kulikuwapo Afrika kabla ya viatu vya kukwea milima. Miongoni mwa Waluo, mzee alipofariki, wanaume walitoka na ng'ombe, mikuki na ngao, wakaenda kwa vishindo hadi nje ya kijiji kuyafukuza mauti. Desturi hiyo huitwa tero buru. Waliokuwa wamejikunyata kwa huzuni waliinuka wakasogeza miguu, na walifanya hivyo pamoja.

Kila mwaka, kabla ya Juni 3, kuna Wakenya Wakatoliki wanaotembea kwa siku nyingi kuvuka mpaka wa Uganda hadi Namugongo, mahali ambapo Charles Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao. Wengi hubeba nia fulani moyoni, na kumkumbuka marehemu ni mojawapo ya nia ambazo mtu anaweza kwenda nazo.

Huko Ulaya nako iko njia ya mahujaji ya kwenda Santiago de Compostela nchini Uhispania. Wengi huianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, na mwendo wake unakaribia kilomita 800. Pana mahali njiani paitwapo Cruz de Ferro, penye msalaba wa chuma juu ya mlingoti, ambapo mahujaji huweka jiwe walilolibeba kutoka kwao kama ishara ya kuutua mzigo. Njia hiyo ndiyo inayoonyeshwa katika sinema The Way ya mwaka 2010, hadithi ya kubuni ya baba anayetembea na majivu ya mwanawe. Sinema hiyo iliongozwa na Emilio Estevez, na anayeigiza kama baba ni Martin Sheen, ambaye ni baba yake wa kumzaa.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba kila dini ina taratibu zake. Mjane Mwislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na haifai kumhimiza kwenda safari kabla ya kuimaliza. Katika muda huo mjomba, ami au shangazi anaweza kutembea na watoto.

Aila ya mjini ifanye nini

Ni aila chache zinazoweza kuacha kazi na shule kwa siku 94, sembuse kulipa nauli ya ndege. Lakini mwendo mrefu unaweza kugawanywa. Mzazi na mtoto wakitembea kilomita 10 kila Jumamosi kwa wiki 16, watakuwa wametembea kilomita 160, kama kutoka Nairobi hadi Nakuru. Wakiendelea kwa mwaka mzima, hata wakikosa wiki nne, watakuwa wamefika Mombasa. Nunueni daftari, na mtoto awe ndiye mwandishi: tarehe, mahali, kilomita, na jambo moja mlilomkumbuka marehemu siku hiyo. Mwaka ukiisha mtakuwa na kitabu chenu wenyewe.

Mahali pa kutembea hapakosekani. Wakazi wa Nairobi wana msitu wa Karura, ambao marehemu Profesa Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi wa majumba. Una njia zilizo bapa na maporomoko ya maji, na mtoto wa miaka sita anaweza kutembea humo. Mtoto wa miaka kumi na zaidi anaweza kujaribu milima ya Ngong, kilele baada ya kilele hadi upande wa Kona Baridi, ila nendeni pamoja na wengine na mtafute askari wa msitu wa kuwasindikiza. Kijana wa sekondari anaweza kukwea Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, na kulizunguka shimo lake la volkeno kwa kilomita 7 hivi. Walio Mombasa na Kwale wana Shimba Hills, ambako askari wa wanyama huwaongoza wageni kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick.

Safari ndefu zaidi, ya siku tatu au nne, yafaa isubiri likizo ya Aprili, Agosti au Desemba. Desemba hasa ni mwezi mgumu kwa wafiwa, kwani kila nyumba ina sherehe na kiti kimoja kiko wazi.

Kabla ya kutoka, zingatieni haya. Viatu viwe vimezoeleka mguuni, tena visibane, msije mkayapata yaliyompata Cheryl. Bebeni maji ya kutosha, viazi vitamu au chapati, mayai ya kuchemsha na njugu. Mtoto ndiye apime mwendo. Akichoka mketi, wala asilinganishwe na binamu yake aliye hodari. Simu izimwe au iachwe kwa ajili ya dharura tu. Mkipenda, bebeni kitu kimoja cha marehemu, kama vile kofia yake, leso yake au kikombe chake cha chai. Mkifika juu, nyweeni chai katika kikombe hicho.

Muhimu zaidi, mzazi asigeuze safari kuwa mahubiri. Asubiri. Swali la mtoto likija, alijibu kwa ukweli na kwa maneno machache. Mtoto wa chini ya miaka mitano hudhani kwamba aliyekufa anaweza kurudi. Ukimwambia mama "amesafiri" ataketi mlangoni kumngojea, na ukimwambia "amelala" huenda akaogopa kulala. Sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa la mtu yeyote nyumbani. Hilo la mwisho lirudie mara nyingi, kwani watoto wengi huamini kimoyomoyo kwamba ukaidi wao ndio uliomwua mzazi. Na ikiwa wewe mwenyewe machozi yatakutoka, yaache yatoke. Mtoto akikuona ukilia kisha ukipangusa uso na kuendelea kutembea, amejifunza jambo ambalo hutaweza kumfundisha kwa maneno.

Tahadhari

Tusidanganyane kwamba kilomita zina uwezo wa kumaliza msiba. Kuna siku mtarudi nyumbani mmechoka na mmenuniana. Kuna siku mtoto atakataa kwenda, na msimlazimishe.

Aidha, zipo dalili zisizotibiwa kwa matembezi. Mtoto akikosa usingizi au chakula kwa wiki nyingi, akiacha kabisa kucheza na wenzake, akiporomoka masomoni bila kuinuka, au akisema anataka kumfuata marehemu, apelekwe hospitali au kwa mshauri nasaha bila kungoja. Simu ya watoto ya nambari 116 hupigwa bila malipo. Mzazi anayezama katika pombe, au anayeshindwa kutoka kitandani miezi kadhaa baada ya mazishi, naye anahitaji msaada huo huo. Si aibu.

Kwa aila iliyorudi kutoka mazishini hivi karibuni, si lazima muanze na mlima. Jumamosi ijayo tokeni mapema, kabla ya jua kuwa kali, mtembee saa moja hadi mahali ambapo marehemu alipapenda: soko alilozoea, kanisa lake, uwanja aliotazamia mpira. Mkifika, kila mmoja ataje jambo moja alilolifanya marehemu hapo, hata kama ni la kuchekesha. Kisha mrudi polepole, kwani mwenda pole hajikwai. Mtoto akitaka kukushika mkono, mpe.